Aliandika ‘Tangazo’ kila mahali, sasa haaminiwi popote

Maji ya beseni la kwanza yameshageuka rangi ya majivu, na Mama Mapovu hajainua kichwa. Ameinama katika ua wa nyuma wa nyumba ya kupanga, gauni amelipachika kiunoni, mikono imezama hadi viwikoni. Anachosugua ni kipande cha kitambaa cheupe, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani.

Kipande hicho hakitavaliwa na mtu. Jana alikipaka mafuta ya cherehani kwa makusudi. Kingine alikimwagia chai, kingine manjano, kingine damu aliyoiomba kwa muuza nyama. Majirani zake wanayakimbia madoa, yeye anayatafuta.

Kando yake yamepangwa makopo ya plastiki yanayofanana kama mayai ya kuku mmoja. Kila kopo limefungwa shingoni uzi wa rangi yake. Ndani mna sabuni, lakini ni sabuni gani, hajui. Simu imeegemezwa kwenye ndoo, inarekodi.

“Hii ya uzi mwekundu ina povu kama harusi,” anaiambia simu. “Lakini doa bado linanitazama. Povu si kazi, jamani. Povu ni kelele.”

Akimaliza huvianika vipande kwenye kamba, akavipiga picha vikishakauka, akaandika alichokiona na kukiweka kwenye blogu yake. Amefanya hivyo kwa miaka tisa. Zamani, kabla hata vipande havijakauka, watu walikuwa wameshaanza kumuulizia matokeo. Makala ya wiki iliyopita imepata maoni ya mtu mmoja tu.

Anatuonyesha. Yameandikwa: “Na hii umelipwa kiasi gani?”

Anaiweka simu chini, skrini ikiangalia ardhi, na kurudi kwenye beseni.

Mama Mapovu hakusomea uandishi wala hakuuota. Alikuwa dobi, akifua nguo za watu nyumba kwa nyumba, hadi ngozi ya vidole ilipoanza kuchanika na daktari akamkataza kushinda majini. Alibaki na ujuzi wa madoa asiokuwa na pa kuupeleka. Ndipo akaanza kuandika kwenye simu: sabuni ipi inatoa wino, ipi inafubaza rangi, ipi ni chokaa iliyotiwa manukato. Jina hilo la Mapovu alipewa na wasomaji, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mumewe ni fundi cherehani. Mashine yake iko barazani, mbele ya chumba chao, na ndiye anayetoa mabaki ya vitambaa vya kufanyia majaribio. Kazi nyingine anayoifanya haionekani lakini ni kubwa zaidi: yeye ndiye anayejaza makopo.

“Mwanzoni alikuwa anaipendelea sabuni aliyokulia nayo kwa mama yake,” anasema fundi huku akikata uzi kwa meno. “Nikamwambia, mke wangu, wewe ni hakimu na mshitakiwa ni shoga yako, haki itatoka wapi? Tangu siku hiyo namimina mimi. Yeye anafua bila kujua anafulia nini.”

Basi kila sabuni iliyoingia mle ndani, iwe imenunuliwa au imeletwa, fundi aliimimina koponi, akafunga uzi, pakiti akaitupa. Mkewe akishaandika hukumu, ndipo alipotajiwa jina. Ilikuwa fahari ya nyumba hiyo. Wageni wakija walionyeshwa makopo kabla ya kuonyeshwa kiti.

“Sikutaka kujua ipi tumenunua na ipi nimeletewa,” anasema Mama Mapovu. “Ningejua, mkono ungekuwa mzito kuandika baya. Mimi ni binadamu, nina haya.”

Watu walimwamini. Madobi walimsoma, wake wa watu walimsoma, wanafunzi wa bweni na wanaume wanaoishi peke yao walimsoma kwa siri. Ilifika mahali wenye maduka wakisifia bidhaa mpya, mteja anakatiza: “Subiri kwanza, Mama Mapovu anasemaje?”

Makampuni nayo yana pua. Yakaanza kutuma sabuni, baadaye yakatuma na pesa kidogo ili bidhaa zao zijaribiwe haraka. Kati ya makala zaidi ya mia nne, yeye anakadiria kwamba zilizolipiwa hazifiki thelathini. Moja ililipa kodi ya mwezi mzima, na hiyo anaikumbuka kama watu wanavyokumbuka arusi yao. Nyingi zilitosha kifurushi cha intaneti na sukari.

“Nililipwa, sikatai,” anasema. “Lakini na wao niliwatia kwenye kopo kama wengine. Wapo waliolipa nikawasema vibaya, na hawakurudi tena.”

Kwa nini basi hakuwaambia wasomaji? Anacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

“Niliona aibu. Nilidhani nikisema kampuni fulani imenilipa, watu watasema najigamba, dobi wa juzi leo anajulikana na makampuni. Nikanyamaza kwa adabu. Kumbe adabu nayo ina kesi.”

Kesi hiyo ilikuja kwa njia ya redio, iliposomwa kanuni mpya ya mtandaoni.

Tuwe wa haki: kanuni yenyewe si mbaya. Kwa muda mrefu walikuwepo watu mtandaoni waliolipwa kusifia mafuta ya kujipaka yaliyobabua nyuso za wanawake, na vidonge vya kupunguza unene vilivyopunguza afya. Walichukua chao, wakazima simu. Samaki mmoja akioza, wote huoza, na Serikali ikaamua kulichambua tenga zima.

Ikatangaza kwamba yeyote anayezungumzia bidhaa mtandaoni baada ya kupokea pesa, zawadi au hata sampuli ya bure, aandike juu kabisa, kwa herufi kubwa, neno TANGAZO. Makala za zamani zilihusika pia, kwa kuwa bado zinasomeka. Atakayekaidi atalipa faini ya kuuzia hadi kitanda, au atakwenda jela.

Mama Mapovu alikuwa jikoni tangazo hilo liliposomwa. Anasema alizima jiko chakula kikiwa kibichi.

“Nilimfuata mume wangu barazani nikamuuliza, zile tulizoletewa ni zipi? Akasema, mimi nilikuwa namimina, sikuwa nahesabu.”

Pakiti zilishatupwa. Baadhi ya makampuni yalishakufa na sabuni zao. Utaratibu uleule uliomfanya aaminiwe ndio uliomwacha bila jibu. Walikaa barazani mchana ule mume na mke wakijaribu kukumbuka, huyu anasema ile ya manukato ya limau tuliletewa, yule anasema hapana, ile tuliinunua siku mvua iliponyesha. Wakaishia kugombana.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mjanja yeyote asingelifanya. Aliandika TANGAZO juu ya makala zote.

“Nilisema bora niseme zaidi kuliko niseme pungufu,” anaeleza. “Kama katika kumi nimeletewa moja na siijui, basi nazitaja zote kumi. Mungu anaona na Serikali inaona. Nilidhani huo ndio uaminifu.”

Aliifanya kazi hiyo kwa kidole gumba, makala baada ya makala, tangu ile ya kwanza yenye makosa mengi ya kuandika. Mumewe alimsihi. Alimwambia anajipalia makaa. Yeye akaendelea. Wakafika kwenye makala moja, na hapo fundi akasimamisha cherehani kabisa.

Makala hiyo ilihusu unga wa kung’arishia nguo uitwao Pepepe.

Pepepe ni rahisi, inauzwa kwa pakiti ndogo zinazoning’inizwa mlangoni mwa duka, na ahadi ya jina lake inaitimiza. Nguo inatoka nyeupe pepepe kweli. Lakini katika ua huu, baada ya kufuliwa mara chache, kitambaa kilichanika kama karatasi iliyolowa. Vidole vya Mama Mapovu viligeuka vyeupe, kisha vyekundu, kisha vikachubuka.

Miaka miwili iliyopita aliandika onyo, akaweka na picha ya mkono wake. “Huu unga haufui, unakula,” aliandika. “Usiutie mkono.” Hakuna makala yake iliyosomwa kuliko hiyo. Madobi walitumiana simu kwa simu, na Pepepe ikabaki madukani inapigwa vumbi.

“Hiyo nilimwambia iache,” anasema fundi. “Ni nani anaweka tangazo la kusema kitu kibaya? Hata mtoto angeelewa.”

Lakini hiyo ndiyo pakiti pekee ya bure ambayo mkewe aliikumbuka vizuri. Hawakuinunua. Mwenye duka mmoja aliwapa bure akitumaini itasifiwa, na alipoona imesemwa vile akaacha kuwasalimia. Kanuni ilisema kitu cha bure ni malipo.

“Nilijiuliza, hizi nisizozijua nimeziandikia, hii ninayoijua niifiche? Si nitakuwa mwongo kuliko wote?” anasema. “Nikaandika.”

TANGAZO, kwa herufi kubwa, juu ya picha ya mkono wake uliochubuka.

Hazikupita siku nyingi. Wauzaji wa Pepepe waliupiga picha ule ukurasa na kuisambaza, wakaandika chini yake: “Kumbe alilipwa kutuchafulia jina.” Watu wakakimbilia kwenye blogu kuhakikisha. Walilikuta neno lile pale, wakafungua makala nyingine, wakalikuta tena, na nyingine, na nyingine.

“Miaka tisa anatuuza na sisi tunampigia makofi,” mmoja aliandika. Mwingine alisema alikuwa akimnukuu hadi kwa mama mkwe wake, na sasa ataficha wapi uso. Wengine walitukana tu, maana tusi halihitaji sababu.

Aliandika maelezo. Yalikuwa marefu, yenye makopo na nyuzi na mume anayemimina sabuni. Tumeyasoma na tunakiri ni maelezo mazuri. Wengine hawakuyasoma. Picha husambaa, maelezo hubaki nyumbani kwa aliyeyaandika.

Makampuni nayo yakakata mguu, hata yale yaliyokuwa yakimbembeleza. “Nani anunue sifa kwa mtu asiyeaminika?” anauliza, na hapo amewaelewa wafanyabiashara vizuri kabisa. Blogu ilikuwa inaleta nusu ya riziki ya nyumba. Sasa haileti kitu. Wamerudisha chumba kimoja kati ya viwili walivyopanga, na jioni fundi huingiza cherehani ndani na kuilaza karibu na kitanda kama mtoto.

Alikwenda kwenye ofisi inayosimamia matangazo, akiwa amevaa vizuri, ili aombe ruhusa ya kuliondoa neno lile kwenye makala ambazo hakulipwa. Afisa aliyempokea alikubali kuzungumza nasi bila kutajwa jina. Ni mtu mpole, na upole wake haukusaidia.

“Hatukumwambia aandike kila mahali,” alisema. “Mtu akijipaka masizi mwenyewe, tumlaumu mwenye jiko?”

Alitueleza kwamba neno hilo likishawekwa haliondolewi mpaka mhusika alete ushahidi kuwa hakulipwa. Kuna wajanja walioanza kuliweka wakaguzi wakipita na kuliondoa wakigeuza mgongo, kwa hiyo ofisi ikaufunga mlango huo kwa wote.

“Nikamuuliza, mwanangu, nilete risiti ya kutolipwa? Inauzwa wapi hiyo niende nikanunue?” Mama Mapovu anasimulia. “Akacheka. Na mimi nikacheka. Halafu akaniambia, ‘Lakini ndivyo ilivyo, mama.’ Nikashuka ngazi.”

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tulipomkumbusha fundi methali hiyo, hakuacha hata kukanyaga cherehani. “Walisema hivyo kwa sababu hawakuwa na simu,” alijibu.

Maneno ya mtandaoni, anasema mkewe, angeyameza. Yamekaa mle simuni, ukizima yanalala. Asichoweza kukimeza kiko nyumba chache kutoka hapo, katika chumba cha wifi yake.

Wifi ni dada wa fundi, na ni dobi hadi leo. Ndiye aliyempokea Mama Mapovu alipoolewa, akamwingiza kwenye kazi, akamfundisha kukamua shuka bila kuumiza mgongo na kumdai tajiri bila kumkosea heshima. Walifua pamoja beseni moja kwa miaka. Ukimsikia mmoja akisimulia ujana wake, anamsimulia na mwenzake.

Tunapofika, Mama Mapovu anabisha hodi na kusubiri mlangoni kama mgeni. Zamani, anatunong’oneza, alikuwa anaingia tu na kufunua sufuria.

“Pita, wifi,” sauti inajibu.

Wifi ameketi kitandani. Mikono yake miwili imelala mapajani, imefungwa bandeji hadi juu ya vifundo. Mto wake umepigwa kofi ukakaa vizuri, chumba kimefagiwa, lakini nguo za watu ambazo hazikufuliwa bado zimo kwenye furushi pembeni, na wenyewe wameanza kuzifuata.

“Miaka miwili sikuugusa huo unga, kwa sababu yeye alisema,” anatuambia, akimwonyesha wifi yake kwa kidevu. “Tajiri mmoja akinibana, nataka mapazia yangu yawe meupe, nasema hapana mama, huo unaua nguo. Halafu nikaonyeshwa ile picha. Nikaliona neno pale juu. Nikasema, kumbe! Kumbe hata sisi ndugu zake alikuwa anatufanyia biashara.”

Akanunua Pepepe. Mapazia yalitoka meupe na tajiri alifurahi. Akanunua tena. Mikono ilipoanza kuwaka alidhani ni kazi nyingi. Aliendelea kufua, kwa sababu dobi akisimama kwa kila kinachowasha hatakula. Siku aliyopelekwa zahanati, ngozi ya vidole ilikuwa imetoka na maji ya kusuuzia.

Wamemwambia asiguse maji hadi kucha zirudi, kama zitarudi.

“Sasa dobi asiyegusa maji ni nani?” anauliza.

Mama Mapovu amemletea chai kwenye chupa. Anammiminia, anaipoza kwa kuihamisha kikombe hadi kikombe, kisha anapiga magoti na kumshikia kikombe mdomoni. Wifi anakunywa. Mtu akichungulia dirishani angesema hawa wanapendana, na asingekuwa amekosea. Kikombe kinapoisha, wifi anauliza bila kupandisha sauti.

“Nijibu leo, mbele ya mgeni. Ulilipwa au hukulipwa?”

“Sikulipwa, wifi. Nilipewa pakiti ya bure tu.”

“Basi ulilipwa.”

“Pakiti yenyewe, wifi. Hiyohiyo niliyoisema vibaya.”

“Mimi sijui ya pakiti. Ulipewa kitu, ukasema neno, hukuniambia. Tulikuwa tunaoga bafu moja, hukuniambia.” Anageuza uso ukutani. “Ningekuwa mimi, ningekwambia. Hata ingekuwa kipande cha sabuni.”

Inauma kumwona mtu aliyesema kweli akihukumiwa na mtu aliyeumia kweli, na wote wawili wakiwa na haki. Mama Mapovu alikusanya vikombe, akaaga, akaitikiwa.

Njiani alilia waziwazi bila kujifunika, na wapita njia walimpisha.

“Hakosei kukasirika,” alisema alipoweza kusema. “Wasomaji wangu siwajui sura, hao ningewaficha kwa aibu yangu ya kijinga. Lakini yeye? Siku ileile nilipojua ile pakiti ilitoka wapi ningemwambia, wifi, nimepewa hii, na ni mbaya. Maneno mawili. Yangemtosha hata Serikali ingekuja na neno gani.”

Tulimuuliza kama amefikiria kuandika tena kuhusu Pepepe, aonyeshe mikono ya wifi. Alitikisa kichwa. Wifi amekataa kupigwa picha. Amesema mikono yake haitakuwa tangazo la mtu.

Kwa hiyo ameacha kuandika juu ya unga huo na kuanza jambo jingine. Kila siku, akishaanika vipande vyake, huenda kwenye duka la njia panda ambako pakiti za Pepepe zimening’inizwa mlangoni, akasimama kando yake. Hauzi kitu wala haombi kitu. Anangoja anayenyoosha mkono.

Mwenye duka hamfukuzi. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwa nia njema kabisa. “Namwacha tu, maskini. Hanipunguzii kitu. Tena huu unga unatoka kuliko mwaka jana.”

Tunasimama naye. Anakuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anachomoa pakiti mbili.

“Mwanangu, usichukue huo,” Mama Mapovu anamwambia taratibu. “Unachoma mikono. Wifi yangu yuko ndani sasa hivi, hawezi hata kushika kikombe. Chukua sabuni ya mche, nguo iloweke kuanzia jioni, itang’aa tu.”

Mwanamke anamtazama, kisha anamtazama tena.

“Wewe si ndiye Mama Mapovu?”

“Ndiye, mwanangu.”

“Na leo umelipwa na nani?”

Hasemi kwa ukali. Anauliza kama mtu anavyouliza bei. Hangoji jibu, analipa, anatia pakiti zake kwenye mkoba, na mtoto aliye mgongoni anaendelea kututazama hadi wanapokata kona.

Mama Mapovu anavuta mtandio hadi karibu na nyusi.

“Umeona mwenyewe,” anasema. “Anayenijua hanisikii. Nimelala nikiliwaza hilo mpaka nikapata njia. Kesho nahamia maduka ya ng’ambo ya barabara kuu. Huko hawanijui sura. Nitasema na mmoja mmoja mpaka wanijue, halafu nitasogea mbele. Mji ni mkubwa, hauwezi kunijua wote.”

Ndilo tumaini alilonalo, na analisema kwa bidii kiasi kwamba mtu anaogopa kulipima.

Wakati bado anazungumza, anaingia mwanamume mwenye viatu vilivyoganda saruji, anauliza unga wa kung’arishia, mkewe kamwagiza. Mama Mapovu anamsogelea. Anamweleza habari ya nguo inayochanika na mikono inayochubuka, kwa maneno yaleyale aliyomwambia mwanamke wa kwanza. Mwanamume anasikiliza hadi mwisho.

“Kweli?” anauliza.

“Kweli kabisa, kaka yangu.”

Anarudisha pakiti mlangoni, anaomba mche wa sabuni. Ameshalipa na ameshapiga hatua ya kuondoka anapogeuka.

“Asante sana, dada. Mke wangu ataniuliza nimeambiwa na nani. Nimwambie nani?”

Mama Mapovu anaangalia huku na huku kama kuna mtu anayeweza kumsikia.

“Mwambie mpita njia tu,” anasema.